Jani la Upande wa Jua

Nilichimbua shina moja la sherbela juu ya Koplik,
mahali ambapo mawe ni mengi kuliko maneno,
nikalipasua vipande viwili kwa kisu cha mkate.
Nusu moja niliirudisha palepale, kwenye ufa wake.
Nusu ya pili niliifunga kwa kitambaa kibichi,
nikampelekea kaka yangu Gjeto, bondeni,
anakolima tikiti na pilipili hoho,
anakofungulia maji kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika sigara.

Miaka mitano. Vipandikizi juu ya vipandikizi.

Ya Gjeto ilinenepa. Nani asingenenepa?
Mbolea ya kuku, mfereji, udongo mweusi unaomeza kiatu.
Majani yakawa mapana kama masikio ya punda,
laini, ya kijani, hayana kinyongo na mtu.
Yangu ilijikunyata,
kijivu kama blanketi la jeshi,
jani lake dogo, lina manyoya;
mbuzi akilionja hupiga chafya akaenda zake.

Tukapeleka magunia kwa Rrok,
mwenye mtambo wa shaba nyuma ya gereji.
Alipima kilo kumi kwa kilo kumi, akawasha moto.
Mvuke ukapanda, ukapoa, ukatona.
La Gjeto lilitoa mafuta kikombe cha kahawa,
tena hakikujaa.
Langu lilijaza vitatu,
na Rrok akafungua mlango, machozi yanamtiririka.
"Mama yao mmoja," nikasema.
"Mama mmoja," akajibu, "malezi mawili.
Jani haliwezi kukimbia, dada.
Jua likilichoma, linatoka jasho la mafuta.
Mbuzi akija, linatunga uchungu.
Halikutunga kitu kwa ajili ya koo lako.
Lina ugomvi wake na jua,
wewe unakohoa tu karibu na ugomvi huo."

Gjeto alinuna. Agosti akafunga mfereji
wiki tatu, ili yake nayo ijifunze kiu.
Nusu ya shamba ikafa.
Iliyobaki ilinukia kidogo, kama mtu aliyeazima koti.

Jumapili, nje ya kanisa, wakaanza:
mnaona, dhiki ndiyo inayomfanya mtu awe dawa.
Msiniambie hivyo.
Mama mkwe wangu, Pashka, amekaa juu ya mawe hayo
miaka sabini na miwili.
Alizaa wanne, wawili wamo chini ya mawe hayohayo.
Vidole vyake havifungi tena kifungo.
Mkamueni basi, tuone mtapata vikombe vingapi.

Halafu, Februari, Vitore wangu akakohoa,
kikohozi cha mbwa, usiku kucha, ana miaka minne.
Nilikimbilia fungu la upande wa jua,
kali kuliko yote, nikalichemsha mpaka nyumba ikauma macho.
Pashka alikipiga kikombe mkononi mwangu.
Chai ikamwagika, ikapanda mvuke sakafuni.
"Hilo ni la mwanamume aliyekesha na kondoo kwenye theluji.
Unataka kumtia mtoto kifafa?
Sisi tulikuwa tunazunguka mlima, upande wa kivuli,
chini ya miti, jani lisilo na hasira.
Siku hizi huko kuna theluji mpaka kiunoni."

Sikujibu. Nilichukua simu kwa ajili ya tochi yake
nikashuka saa nzima gizani
hadi ukingo wa mfereji wa Gjeto,
nikayapapasa yale masikio ya punda, baridi, yamelowa umande,
nikachuma viganja viwili
vya jani nililolicheka miaka mitano.

Pashka alilichemsha kidogo tu, akaweka asali.
Vitore akanywa, akakunja uso, akanywa tena.
Alfajiri alikuwa anapumua kama watu.

Saa mbili asubuhi Gjeto akapiga simu:
nani huyo amekanyaga
nailoni ya miche yangu ya tikiti?